Horeri imebadilika

Katika mwaka wa kwanza tulifundishwa mnyambuliko kwa kitenzi kuvunja. Mtoto amevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa na mtoto. Kikombe kimevunjika. Asistenti alisimama mbele ya ubao akatuuliza: katika sentensi ya tatu, mtoto amekwenda wapi? Tulicheka. Mmoja akajibu kwamba amekimbilia kwa bibi yake. Asistenti alilikubali jibu hilo, kisha akaonyesha kwamba kwenye sentensi ya pili unaweza kumrudisha mtoto kwa neno dogo tu, "na", lakini kwenye ya tatu mlango umefungwa. Hakuna asemaye "kikombe kimevunjika na mtoto". Kauli ya kutendeka haina kiti cha mtenda.

Nililiandika hilo kwenye daftari, nikalirudia kwenye mtihani, nikalisahau. Sentensi iliyonirudisha kwenye somo lile ilikuwa hii, na niliisikia karibu kila juma kwa miezi kumi na minne: "Horeri imebadilika."

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kesi, katika duka kubwa la kujihudumia katikati ya mji wa Lubumbashi. (Kesi ninayoisema ni ile mashine ya kupokea pesa, ile ya mahakamani itakuja baadaye, nusunusu.) Jina la duka silitaji. Horeri ni karatasi iliyobandikwa kwa skochi kwenye mlango wa chumba chetu cha kubadilishia nguo. Najua kwamba katika Kiswahili sanifu ningepaswa kuandika ratiba, au jedwali la zamu, na mbele ya baadhi ya walimu wangu huenda nimeshapoteza alama. Lakini katika miezi yote ile hakuna mtu aliyeniambia "tazama jedwali la zamu". Tulisema horeri, na horeri ilitoka Jumamosi jioni kwa ajili ya juma linaloanza Jumatatu.

Kazi iligawanyika mara mbili. Asubuhi ilikuwa 6h30 hadi 14h30. Jioni ilikuwa 13h30 hadi 21h30. Naandika saa kama zilivyoandikwa ukutani, tusije tukagombana kama saa moja ni ya Waswahili au ya Wafaransa. Katikati ya kila nusu kulikuwa na nusu saa ya kula. Kwa hiyo kila mtu alihesabiwa saa 7 na nusu kwa siku. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa na siku 6, yaani saa 45 kamili; sisi wanafunzi tulikuwa na siku 4. Ukiisoma karatasi ile kwa jumla zake, haina kosa. Mtu wa hesabu angeipigia makofi.

Taabu yake haikuwa kwenye jumla. Ilikuwa kwenye mfuatano: jioni ya leo ikifuatwa na asubuhi ya kesho. Sisi tuliita "kufunga na kufungua", kwa kuwa unafunga duka usiku na ni wewe unayelifungua kukipambazuka. Mwenzetu mmoja Mwislamu, wa Kamalondo, alikuwa akisema kwamba yeye hufunga na kufungua mwezi mmoja tu kwa mwaka, na angalau pale mtu hula vizuri.

Niieleze hiyo siku, kwa sababu asiyeifanya hudhani kwamba kati ya 21h30 na 6h30 kuna saa 9, na saa 9 zinatosha kulala. Saa 21h30 mlango unafungwa kwa wateja. Hapo ndipo unaanza kuhesabu pesa za kesi yako: franka kwa upande wake, dola kwa upande wake, kila noti ya dola ikigeuzwageuzwa kutazamwa kama haina mpasuko, maana noti iliyopasuka mteja haipokei na benki haipokei, na wewe uliyeipokea ndiye utakayebaki nayo. Unajaza fishi, shefu anasaini, unapekuliwa mfuko mlangoni. Ni 22h15 sasa. Teksi-bisi za kuelekea Katuba zimekuwa chache, na zilizobaki zinangoja zijae. Motari anataka mara tatu ya bei ya mchana, na si kila motari ni mtu wa kupanda naye usiku ukiwa binti. Nikifika nyumbani ni 23h20 nikibahatika. Shangazi amenifunikia bukari. Kisha inifomu. Tulipewa inifomu moja moja, na shefu alikuwa na jicho la kuona kola chafu kutoka mwisho wa rafu za sabuni. Ukiwa na siku mbili katikati, unaifua mchana inakauka. Ukifunga na kufungua unaifua usiku wa manane, na wakati wa mvua unaivaa ikiwa bado na unyevu. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Lubumbashi ikiwa imeshuka, unaivaa ikiwa kama imetoka kisimani. Umeme ukiwapo unapiga pasi. Saa 4h40 unaamka, 5h30 unatoka. Saa 9 za kwenye karatasi zilikuwa saa 4 na kitu za kitandani.

Mimi nilipangwa hivi: Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi, Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi. Funga-fungua mbili kwa siku nne. Ijumaa nikitoka 14h30 nilikuwa na somo la isimujamii saa 15h00, barabara ya Kasapa. Sijui kama umeshawahi kulala na macho wazi huku mwalimu anaeleza tofauti ya lahaja na rejista. Inawezekana. Maandiko yangu ya robo ile ya mwaka yana mistari inayoanza kwa herufi nzuri, inapanda mlima pole pole, na kuishia hewani.

Lakini mimi sikuwa mtu wa kuhurumiwa kwanza. Kwenye kesi ya pili alikuwapo mama tuliyemwita Mama Mapasa, kwa kuwa ana mapasa, wakati ule wa miaka mitatu. Yeye alikuwa wa siku 6, na juma moja nililiandika lote: jioni, asubuhi, jioni, asubuhi, jioni, asubuhi. Watoto wake alikuwa anawaacha kwa mama mkwe huko komini ya Kenya (komini, si nchi, wasomaji wetu wa mbali watusamehe), na siku tatu katika juma lile hakuwaona wakiwa macho. Alipewa hivyo kwa sababu hajawahi kusema hapana. Mimi nilipewa hivyo kwa sababu, kama nilivyokuja kujua, nilionekana kuwa mtu asiye na mzigo. Wako wengine ambao katika miezi kumi na minne sikuwahi hata mara moja kuwaona wakizima taa. Tulijua ni ndugu za nani. Hilo halikusemwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Lilisemwa kwenye teksi-bisi.

Uchovu pale dukani ulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa na jina: manka. Manka ni pungufu. Ukihesabu jioni ukakuta kesi inakosa franka elfu kumi, elfu kumi hiyo inatoka kwenye mshahara wako. Ukikuta imezidi, ziada ni ya duka. Mama Mapasa alipata manka tatu kwa mwezi mmoja, zote asubuhi, zote baada ya kufunga. Ya tatu ilikuwa ya noti ya dola 20 aliyoirudisha kama chenji mahali pa noti nyingine. Nilimwona akiitoa. Niliona uso wake. Haukuwa uso wa mtu asiyejali, ulikuwa uso wa mtu aliyelala amesimama.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiyo inayotukutanisha hapa.

Ukienda kuuliza kwa nini jina lako limehama kutoka asubuhi kwenda jioni, ulijibiwa kwa namna tatu, na nilizoea kuzitofautisha kama mtu anavyotofautisha milio ya simu. Ya kwanza ni hiyo: "Horeri ishabadirika." Kutendeka, kikombe na bibi yake. Ya pili: "Haiko miye, ni horeri njo inasema." Hapa horeri imepewa kinywa, imekuwa kiima cha kitenzi cha kusema, wakati karatasi yenyewe haina hata saini. Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi kama mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, kwa sababu ni ya kwetu kabisa: "Balibadirisha."

Katika Kiswahili sanifu mtu angetumia kutendwa: horeri imebadilishwa. Lakini sikiliza watu wa Lubumbashi wakizungumza, sokoni au kwenye foleni, na utaona jinsi wanavyopenda kupita njia nyingine: wanaweka kiambishi cha nafsi ya tatu wingi, ba-, bila ba- hao kuwa watu wowote. Baliiba simu yangu, anasema mtu, na aliyeiba anaweza kuwa mmoja. Balikata moto, na hakuna anayefikiri juu ya mikono ya nani. Lugha nyingi za Kibantu zina hila hii, na si hila ya uongo. Ni njia ya kawaida ya kuweka mbele kilichotendeka. Ubaya wake unakuja pale aliyetenda ndiye anayeongea. Shefu alipanga horeri kwa kalamu yake, kwenye meza yake, Jumamosi baada ya chakula. Kisha anasimama mlangoni anasema "balibadirisha", kana kwamba kuna kijiji kizima kilichopita usiku.

Kuna pia neno la zamu, ambalo nililifikiria sana kwenye foleni za teksi-bisi. Kwetu hapa hatulitumii sana kwa kazi. Mji huu umelelewa na migodi, tangu enzi za Union Minière hadi Gécamines, na kutoka huko tumerithi kusema posti: posti ya asubuhi, posti ya usiku. Posti ni mahali unapowekwa. Mlingoti pia huwekwa. Zamu ni kitu kingine: ni kitu kinachozunguka, leo kwangu kesho kwako, na kisipozunguka si zamu tena. Haki imo ndani ya neno lenyewe, hata kabla ya sheria yoyote. Ndiyo maana ilinishtua nilipokumbuka neno hilo limefikia wapi mashariki yetu. Goma na Bukavu, zamu ni mlinzi wa usiku. Rwanda na Burundi wanasema umuzamu. Jina la kupokezana limekuwa jina la mtu mmoja, anayekaa kwenye lango lile lile usiku kwa usiku, na mara nyingi hakuna anayekuja kumpokea. Ningependa mwenzangu wa idara aandike kazi ya mwisho juu ya safari ya neno hilo. Mimi nimeshachukua nyingine.

Maana hapo ndipo nilipoanza kuandika. Mwanzoni ilikuwa ni somo tu. Profesa wetu alikuwa ametuambia tukusanye korpusi ya mazungumzo ya kazini, na wengi walikwenda kwa mafundi gereji na wauza nyama. Johannes Fabian aliandika mwaka 1973 juu ya neno kazi miongoni mwa wafanyakazi wa Katanga waliokuwa wafuasi wa Jamaa, na tangu hapo, nadhani, kila mwanafunzi hapa akisikia "kazi" anawaza mgodi. Mimi sikuwa na mgodi. Nilikuwa na kesi ya nne. Nilinunua daftari la kurasa 100, nikawa naandika kila sentensi iliyosemwa juu ya horeri: nani ameisema, kwa nani, kitenzi gani, kauli gani. Ili nijue muktadha, pembeni nikaandika na horeri yenyewe: nani amefunga, nani amefungua, nani amepata manka.

Baada ya majuma 11 nilikuwa na korpusi mbili kwenye daftari moja. Ya lugha niliipeleka darasani. Ya pembeni nilimwonyesha Mama Mapasa wakati wa kula. Manka 14 zilikuwa zimewapata watu wa kesi katika majuma hayo. 9 zilikuwa za asubuhi ya mtu aliyefunga usiku uliotangulia, ingawa asubuhi za namna hiyo hazikufika hata robo ya nilizoziandika. Mama Mapasa alipitisha kidole kwenye safu ile, akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe mi haiko mujinga."

Rafiki yangu anayesoma sheria alinikopesha Kanuni ya Kazi, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 119 nilikisoma mara nyingi kuliko makala yoyote ya sarufi mwaka ule. Kinasema muda wa kazi hauwezi kupita saa 45 kwa juma. Kinasema pia kwamba muda huo unahesabiwa tangu saa ambayo mfanyakazi anapaswa kuwa mahali pa kazi, tayari kwa mwajiri, hadi saa kazi inapokoma. Njia ya kwenda na kurudi haimo. Teksi-bisi za Katuba ni juu yangu. Lakini zile dakika 45 za kuhesabu pesa baada ya 21h30 zimo. Jioni tatu za Mama Mapasa zilikuwa saa 2 na robo, na saa 45 zake zilikuwa saa 47 na robo. Halafu, kwa kuwa ugonjwa wangu unajulikana, niliona jambo jingine katika kifungu hicho. Kinapotaja horeri, kinasema za kuwekwa na mwajiri au za kukubaliana. Na mwajiri. Mtenda yupo pale, amekaa kwenye kiti chake baada ya kiunganishi. Bunge halikuandika kwamba horeri "hubadilika".

Sikwenda kwa Inspeksyo ya Kazi. Wengine watauliza kwa nini, na jibu ni fupi: sikuwa mtu wa kudumu, na Mama Mapasa alihitaji mshahara wa mwezi ule. Nilikwenda kwa shefu, Jumanne mchana, wakati duka liko tupu. Siku iliyotangulia ujumbe ulikuwa umetoka kwenye WhatsApp, saa 20h00, kunihamisha Alhamisi kutoka asubuhi kwenda jioni. Ijumaa asubuhi nilikuwa na kufungua, na mchana nilikuwa na intero.

Nilimsalimu, nikauliza kwa heshima:

"Shefu, nani alibadirisha horeri ya siku ya ine?"

"Ishabadirika, mama."

"Ndiyo, shefu. Lakini nani aliibadirisha?"

"Balibadirisha."

"Banani?"

Sikusema kwa ukali. Niliuliza kama unavyomuuliza mtu aliyesema wageni wamefika. Aliinua macho kutoka kwenye fishi zake. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo, si kwa sababu watu wa pale ni waoga, bali kwa sababu lugha yetu haikutegemei uulize: ba- ni ba-. Akatazama kalamu yake. Akasema:

"Ni miye."

Kisha, na hili ndilo jambo ninalotaka wenzangu walipime, akaendelea bila kuulizwa: "Niliona wewe hauko na mutoto, utaweza." Miezi kadhaa nilikuwa nauliza kwa nini, na sikupata sababu hata moja, kwa sababu sentensi zisizo na mtenda hazina mahali pa kutundika sababu. Kitu kilichobadilika chenyewe hakina nia. Mara tu mtenda alipoingia kwenye sentensi, sababu ilimfuata kama mkia. Na sababu, hata ikiwa mbaya, mtu anaweza kujibizana nayo. Nikamwambia sina mtoto, nina intero. Nikamwambia Mama Mapasa anao wawili na amefunga na kufungua mara tatu juma lile, kwa hiyo kipimo chake si watoto. Nikafungua daftari kwenye safu ya manka.

Alisoma kwa muda mrefu. Naweza kumlaumu shefu yule kwa mengi, lakini hakuwa mtu wa kukataa hesabu. Aliniuliza mara mbili kama tarehe ni za kweli. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: alitoa simu yake, akanionyesha ujumbe uliotoka juu, kwa Kifaransa, unaosema idadi ya watu wa jioni ipunguzwe. Ulikuwa umeandikwa kwa kutendwa, bila mtenda, bila jina. "Unaona," akasema, "na miye balinibadirisha." Kwa hiyo ba- wake hawakuwa hewa tupu, walikuwapo ghorofani, na wao pia walikuwa na ba- wao, mahali fulani mbali na Lubumbashi. Tungeweza kupanda ngazi ile hadi kesho. Lakini kalamu iliyoniandika mimi na Mama Mapasa, badala ya wale wasiozima taa, ilikuwa ya chini, na hilo alilijua naye.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Alikubali kwamba anayefunga hatafungua kesho yake, ila mwisho wa mwezi mishahara inapotoka na duka kujaa. Alikubali kuandika jina lake chini ya karatasi. Hili la pili niliomba mimi, na aliona ni jambo la bure, akalitoa kwa urahisi. Juu ya dakika 45 hakukubali kitu. Alisema hizo zinamzidi kimo. Hakuna kilichoandikwa isipokuwa jina lile.

Jumamosi iliyofuata horeri ilibandikwa na jina lake likiwa chini, kwa bluu. Nilisikia mabadiliko kabla ya kuyaona. Yule wa Kamalondo alisimama mbele ya mlango, akatazama, akaita hadi rayoni ya mafuta: "Shefu, uliniweka jioni tatu!" Uliniweka. Nafsi ya pili, mtenda, mtendwa, vyote katika neno moja. Shefu akajibu kwa sauti kwamba mpwa wake ana msiba, juma lijalo atamrudishia. Walibishana kidogo, wakacheka. Wale wasiozima taa walianza kuzima, si wote.

Kwa upande wangu, mwezi uliofuata siku zangu zilikuwa 3 badala ya 4. Nilipouliza niliambiwa zimepungua. Nilimtazama shefu, naye akanitazama, na sote wawili tulijua kitenzi hicho ni cha kauli gani. Sikuuliza banani. Siku hiyo moja ilikuwa karibu na nauli yangu yote ya chuo, na nilihitaji tatu zilizobaki. Niliacha kazi mwezi wa 8, kabla ya seshoni ya pili. Mama Mapasa alikuwa ameacha kabla yangu. Anauza unga na samaki wakavu karibu na nyumbani kwake, anafungua anapotaka, na anaponiona ananiuliza kama bado naandika watu kwenye daftari.

Naandika. Kazi yangu ya mwisho sasa ina kichwa, na profesa amekikubali baada ya kunikatia maneno matano: njia za kumficha mtenda katika Kiswahili cha kazini, Lubumbashi. Aliniuliza kama korpusi ya watu wa kesi peke yake inatosha, nami nikamjibu kwamba ningependa kuilinganisha na nyingine iliyo karibu zaidi. Ubao wa matangazo wa fakulte yetu unao mfano kila Jumatatu. "Kozi imehamishwa." "Mtihani umesogezwa mbele." "Saa zimebadilika." Nimeshaandika 31 tangu mwaka uanze. Walimu wanaosoma jarida hili wasikasirike. Majina sijaandika, na kwenye karatasi zile hata ningetaka nisingeyapata.